Maji Mengi, Polepole: Hotuba Kuhusu Rafadha na Mitambo ya Kusukuma Meli

Ndugu mwenyekiti, walimu, vijana wa uhandisi, na nyinyi wazee wa bahari niliowaona mkijibanza safu ya nyuma, asanteni kwa kunialika.

Nimekuja na kitu mkononi. Hii ni rafadha ya mashine ya boti, ya alumini, mapanga matatu. Wengine mnaiita propela, na mimi sigombani na mtu kwa jina. Naomba ianzie kwa dada huyu wa mbele, ipite mkono kwa mkono mpaka inirudie. Ukiishika usitazame mapanga tu. Pitisha kidole kwenye kitovu chake, utakuta namba mbili zimechongwa: 13 na 19. Ziwekeni kichwani, nitakuja kuziulizia.

Ikiwa inazunguka huko, niwaambie jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa. Nilikaa chumba cha injini miaka mingi nikiamini kwamba rafadha inajipenyeza majini kama parafujo kwenye ubao. Sikuwa peke yangu. Francis Pettit Smith, mkulima wa Kiingereza aliyepata hataza yake mwaka 1836, alitengeneza parafujo hasa, ya mbao, uzi wake umejizungusha mara mbili kamili, akaifunga kwenye boti ndogo. Mwaka 1837, boti ikiwa kwenye majaribio mferejini, parafujo ile ilivunjika, ukabaki mzunguko mmoja tu. Wote waliokuwemo wangetegemea boti ipunguze mwendo. Boti ikaongeza.

Sasa, kama maji yangekuwa ubao, uzi mfupi ungeshika vibaya kuliko mrefu. Maji si ubao. Rafadha haisukumi meli kwa kujipenyeza, inaisukuma kwa kutupa maji nyuma. Mpiga kasia anajua hivyo mikononi mwake hata kama hajawahi kukisema: unayavuta maji nyuma, chombo kinakwenda mbele.

Basi swali linalobaki ni namna ya kuyatupa. Unaweza kutupa maji machache kwa kasi kubwa, au maji mengi polepole. Msukumo unaweza kuwa ule ule kabisa, lakini gharama zake hazifanani. Msukumo unafuata wingi wa maji mara kasi unayoyaongezea. Nishati inayobaki humo majini, ile inayotokomea na mkondo nyuma ya meli bila faida, inafuata kasi mara kasi yenyewe. Kwa hiyo ukichukua maji mara mbili ukayatupa kwa nusu ya kasi, unapata msukumo ule ule na hasara inakuwa nusu. Maji mengi, polepole. Nikimaliza hapa mkasahau kila kitu, msisahau hilo. Aina zote za rafadha na mitambo mtakazokutana nazo zilitoka kwa watu waliotii kanuni hii, au waliolazimika kuivunja wakajua wanalipa nini.

Tuwaanze waliotii. Meli ya makontena Emma Mærsk, iliyoingia kazini mwaka 2006, ina rafadha moja tu. Mapanga sita, kipenyo mita 9.6, uzito takriban tani 130 za shaba nyeusi yenye nikeli na alumini. Injini yake ya silinda 14 ina zaidi ya nguvu za farasi 100,000. Mtu akisikia hivyo anadhani shafti, ule mhimili unaozungusha rafadha, inavuma kama feni. Haivumi. Inazunguka kama mara 100 kwa dakika. Unaweza kusimama kando yake kwenye handaki la shafti, ukachagua boliti moja, ukaihesabu kwa macho ikipita. Hii mnayopitishiana hapa, boti ikiwa kasi, inazunguka zaidi ya mara 2,000.

Kama kubwa na polepole ndiyo siri, kwa nini wasitengeneze ya mita 15? Kina cha maji hakiruhusu. Ncha ya panga haitakiwi kugusa chini bandarini, na meli ikiwa tupu haitakiwi kuchungulia juu ya maji. Lazima pia ibaki nafasi kati ya ncha na tumbo la meli, vinginevyo kila panga linapopita linapiga ukuta wa maji kama ngoma na mabaharia hawalali. Meli inapohitaji nguvu kuliko rafadha moja inavyoweza kubeba kwenye kina hicho, ndipo mnaona mbili.

Idadi ya mapanga nayo ina kisa chake, nikipitie haraka. Mapanga yakiwa machache, ufanisi unaongezeka, kwa sababu kila panga linakwaruza maji na linachafua njia ya mwenzake. Lakini nyuma ya meli maji hayatembei sawasawa: sehemu ya juu yameburutwa na mwili wa meli, yamechoka, na chini yanapita huru. Panga linapopanda na kushuka linabeba mzigo tofauti, na meli inatetemeka. Mapanga mengi yanagawana mtetemo huo. Mnaona pia mapanga yamepindishwa kama mundu. Hiyo ni ili panga lisiingie kwenye maji mabovu lote kwa mpigo mmoja. Kwenye nyambizi, ambako kelele ni kifo, upinde huo ni siri ya dola. Mwaka 1987 dunia ilitikisika ilipobainika kwamba mashine za kuchongea za Toshiba Machine ya Japani, pamoja na kompyuta za kuziongoza kutoka kampuni ya Kongsberg ya Norway, zilikuwa zimeuzwa Umoja wa Kisovyeti, ambako zingeweza kuchonga rafadha za nyambizi kwa umbo laini zaidi. Ugomvi wa mataifa, na kiini chake umbo la panga.

Nirudi kwenye injini yetu ya polepole, maana ina tabia moja inayowashangaza wageni. Haina giaboksi. Imeunganishwa na shafti moja kwa moja. Kwa hiyo nahodha akitaka kurudi nyuma, hakuna gia ya kubadili. Inabidi injini izimwe, mpangilio wake ugeuzwe, iwashwe upya izunguke kinyume. Na haiwashwi kwa betri. Inawashwa kwa hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, kama baa 30, yaani shinikizo la karibu mara 30 ya hewa ya kawaida. Kanuni za ukaguzi zinataka mitungi iwe na hewa ya kuwasha mara 12 mfululizo bila kujazwa.

Mara 12 inaonekana nyingi ukiwa darasani. Nakumbuka tukiingia bandari fulani usiku, upepo wa ubavuni, rubani wa bandari akiamuru mbele kidogo, simama, nyuma kidogo, simama, mbele. Kila amri ni pumzi kutoka mtungini. Mimi nilikuwa kijana, kazi yangu kusimama mbele ya geji na kutaja namba kwa sauti. Ishirini na nne. Ishirini na moja. Kumi na nane. Kompresa inalia kwa nguvu zake zote na sindano inashuka tu. Injinia mkuu hakusema neno, alivua kofia akaivaa tena. Tulifunga kamba salama. Lakini tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema meli ni kama gari kubwa, namtazama tu.

Tatizo hili la kurudi nyuma limezaa mambo mengi kuliko mnavyodhani. Meli ya kwanza ya dizeli na umeme duniani, Vandal, ilianza kazi Urusi mwaka 1903. Ilikuwa na injini za dizeli zinazozungusha jenereta, na jenereta zinaendesha mota za umeme kwenye shafti. Kwa nini wazunguke hivyo? Kwa sababu dizeli za wakati ule hazikujua kugeuka, na mota ya umeme inageuka papo hapo. Turbini, mashine ya gurudumu linalozungushwa na mvuke, vilevile haigeuki: Titanic ilikuwa na rafadha tatu, mbili za pembeni zikiendeshwa na injini za pistoni, na ile ya katikati na turbini. Amri ya kurudi nyuma ilipotoka, ya katikati haikuwa na la kufanya ila kusimama.

Jibu la kifundi lililoenea zaidi ni rafadha ya kubadili pichi. Pichi ni ule mlalo wa panga. Kwenye rafadha ya kawaida limetupwa kalibuni na kitovu chake, halibadiliki mpaka liyeyushwe. Kwenye hii nyingine, kila panga limefungwa kwenye kitovu kwa namna ya kuweza kuzunguka shinani, na mafuta yenye shinikizo yanapita ndani ya shafti yakiligeuza. Injini inazunguka upande mmoja siku nzima, kwa mwendo ule ule, na mapanga ndiyo yanayoamua: mbele, kati, nyuma. Kivuko kinachotia gati kila nusu saa hakiwezi kuishi kwa kuhesabu hewa mtungini, kwa hiyo kinaipenda. Gharama yake ni kitovu kinene kinachokula nafasi ya maji, vifaa vingi ndani, na mpira wa kuzuia mafuta ambao siku ukichoka unaona rangi za upinde wa mvua nyuma ya meli.

Nimesema kuna waliovunja kanuni. Mvunjaji mkubwa alikuwa Charles Parsons. Yeye alikuwa na turbini, na turbini inapenda kuzunguka kama kichaa. Mwaka 1894 alishusha boti yake, Turbinia, rafadha moja ndogo, shafti moja, kasi ya ajabu. Haikufika hata noti 20, yaani maili 20 za baharini kwa saa. Nguvu ipo, boti haiendi. Parsons akatengeneza tangi dogo lenye dirisha, akaweka ndani yake rafadha ndogo na kuiangalia ikizunguka kwa taa ya kumulika kwa vipindi. Alichokiona ni mapovu.

Hayo mapovu si hewa. Panga likikata maji kwa kasi mno, shinikizo mgongoni mwake linashuka mpaka maji yanachemka yakiwa baridi. Wataalamu wanaita kavitesheni. Rafadha inakuwa inazunguka ndani ya mvuke badala ya maji, na mvuke hausukumiki. Parsons akaiondoa ile moja akaweka shafti tatu, kila shafti rafadha tatu, jumla tisa. Yaani alirudi kwenye kanuni kwa mlango wa nyuma: akagawa kazi ili kila panga lisukume kwa upole zaidi. Juni 1897, kwenye gwaride la manowari za Uingereza pale Spithead, Turbinia ilipita katikati ya safu za meli za kivita kwa zaidi ya noti 34, na hapakuwa na boti ya ulinzi ya kuikamata.

Lakini mapovu yana ubaya mwingine, na huu niliushika kwa mkono. Meli ikiwa gudini, maji yamekaushwa, unasimama chini ya rafadha iliyokuzidi kimo mara tatu. Kwa mbali inang'aa. Ukisogea karibu na ncha, mgongoni mwa panga, unakuta sehemu imetoboka vitundu vitundu kama sifongo, kingo zake kali za kukata glovu. Shaba hiyo haikugongwa na mwamba. Povu linapofika penye shinikizo kubwa zaidi linaporomoka ghafla, na maji yanayokimbilia kulijaza yanapiga chuma kama nyundo ndogo sana. Nyundo hizo ni mamilioni, safari baada ya safari. Fundi wa gudi alinionyesha kwa kucha, akasema tu, "Huyu nahodha wenu ana haraka."

Sasa tazameni tagi, zile meli ndogo zenye kifua zinazovuta kubwa. Tagi haitaki mbio, inataka kuvuta ikiwa karibu imesimama. Hapo panasaidia wazo la Ludwig Kort, Mjerumani wa miaka ya 1930: izungushie rafadha bomba fupi lenye umbo la bawa. Bomba linanyonya maji ya ziada kuyaleta kwenye mapanga, na lenyewe linasukuma. Maji mengi zaidi kwa rafadha ile ile. Meli za kuvuta nyavu nazo zinalipenda. Ila ukiongeza mwendo, bomba linageuka mzigo unaoburutwa, ndiyo maana hamulioni kwenye meli za safari ndefu za kasi.

Kuna mtambo mmoja ambao sijachoka kuushangaa mpaka leo, wa Ernst Schneider kutoka Austria, uliotengenezwa na kampuni ya Voith miaka ya 1920. Tupeni mbali picha ya rafadha mliyo nayo. Chini ya tumbo la meli kuna sahani ya duara inayozunguka kama meza, na kutoka kwenye ukingo wake vinaning'inia visu vitano au sita vikielekea chini, wima. Sahani ikizunguka, kila kisu kinajipinda kidogo kulia na kushoto kwa zamu, kama mkia wa samaki. Ukibadili mahali kinapojipindia, msukumo unabadili mwelekeo: mbele, nyuma, ubavuni kabisa, bila kugeuza meli na bila usukani. Tagi yenye mbili za hizi inaweza kujizungusha palepale ilipo. Ni ghali na ina vyuma vingi vya kutunza, lakini mwenye kazi ya kona finyu anailipia.

Podi zimefika huko huko kwa njia nyingine. Chukua mota ya umeme, iweke ndani ya kibuyu cha chuma chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma, nje kabisa ya meli, rafadha ikiwa mbele ya kibuyu ili ikutane na maji safi, na kibuyu chote kiweze kuzunguka nyuzi 360. Wazo lilizaliwa Finland, kwa watu wa barafu. Mwaka 1998 meli ya watalii Elation ilikuwa ya kwanza ya aina yake kuwekewa, na baada ya hapo meli nyingi za watalii zikafuata. Abiria walipata vyumba tulivu, na manahodha wakaacha kubembeleza tagi. Wahandisi nao walipata beringi ambazo ziko chini ya maji, ndani ya kibuyu, mahali ambapo huwezi kwenda na spana. Beringi hizo zikiharibika, safari inaahirishwa na meli inaingia gudini. Lakini Wafini waliona zaidi ya hapo. Meli ya mafuta Tempera, ya mwaka 2002, ina omo, yaani sehemu ya mbele, la bahari ya kawaida na tezi la kuvunjia barafu. Ikifika penye barafu nzito, inageuka na kwenda kinyumenyume, podi ikisaga na kusafisha njia.

Kuhusu jeti ya maji, ile ya kufyonza maji chini na kuyafyatua nyuma kwa pampu, nitasema kidogo. Bill Hamilton wa New Zealand aliiboresha miaka ya 1950 kwa sababu mito ya kwao ina changarawe na kina cha kifundo cha mguu, mapanga yangekatika. Ni maji machache kwa kasi kubwa, kinyume kabisa cha ninachohubiri, kwa hiyo ukitembea polepole inakunywa mafuta vibaya. Ukipita noti 30 hivi, mambo yanabadilika, kwa sababu chombo chenyewe kinakimbia karibu kama maji yanavyotupwa.

Jambo moja zito kabla sijamalizia. Machi 26, 2024, meli ya makontena Dali iligonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key pale Baltimore, Marekani. Daraja likaanguka, na watu sita waliokuwa wakikarabati barabara yake wakafa. Umeme ulikuwa umekatika melini, na injini kuu ikajizima. Wengi waliuliza kwa nini hawakukata usukani tu. Vijana, usukani uko nyuma ya rafadha kwa makusudi. Unafanya kazi yake kwa maji yanayotupwa na rafadha. Rafadha moja ikisimama, usukani unabaki na maji ya mwendo peke yake, hauna nguvu ya kuigeuza meli kubwa kiasi kile katika mita chache. Mnapochagua mtambo mezani, mnachagua pia kitakachobaki siku umeme ukizima.

Na wenye meli wanaouliza nini cha kununua ili mafuta yapungue, jibu langu huwaudhi. Nguvu inayohitajika inapanda karibu kwa mchemraba wa mwendo. Punguza mwendo kwa asilimia 20, nguvu inashuka karibu nusu. Kabla ya kuongeza matanga ya chuma au kubadili mafuta, mambo ambayo nayaunga mkono, mwambie nahodha achelewe kidogo.

Naona rafadha yangu imefika. Ahsante, mzee. Nani amesoma zile namba?

Ndiyo. Kumi na tatu ni kipenyo kwa inchi. Kumi na tisa ni pichi, ule mlalo wa panga ukipimwa kwa inchi: umbali ambao rafadha hii ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa ubao. Tazameni, karibu miaka 200 tangu parafujo ya Smith ivunjike, na bado tunachonga kwenye kitovu namba ya ubao. Boti yangu niliipima: kwa kila mzunguko ilikwenda kama inchi 16. Fundi aliyeniuzia aliita hizo tatu "hasara" na akataka kuniuzia nyingine. Nikamwambia hapana, hizo tatu ni maji yaliyokwenda nyuma. Bila hizo nisingetoka gatini.

Kuna pengo dogo kwenye ncha ya panga moja, bila shaka mmelihisi. Hilo ni jiwe, na ni kosa langu. Maswali sasa, tuanze na wale wa nyuma.